Uvimbe wa Taya la Mtoto na Uchachu Unaowalemaza Askari wa Mwili



Mtaa wa Nyalenda uko ukingoni mwa mji wa Kisumu, mahali ambapo nyumba za mabati na udongo zinateremka polepole kuelekea ziwani. Msimu wa mvua mitaro hufurika, maji husimama kati ya nyumba na nyumba, na mbu hupata makao. Kwa sisi wa pwani mtaa huo hauko mbali kama ramani inavyodai. Tangu reli ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence, watu wa pwani wamekuwa wakienda huko kwa biashara, kwa kazi na kwa ndoa, na wengine wakaweka makao. Kwa hiyo jambo linalomsibu mtoto wa Nyalenda linamhusu pia bibi yake aliyeko Kisauni au Majengo.

Hebu tumfikirie mama mmoja wa mtaa huo. Mwanawe wa kiume ana miaka sita. Jumatatu anaona shavu la mtoto limevimba kidogo, anadhani ni jino. Ijumaa uvimbe umekuwa mkubwa kama limau, meno mawili yanalegea bila ya kugongwa, na mtoto hawezi kutafuna. Jirani anamshauri amsukutue kwa maji ya chumvi. Mwingine anamletea habari iliyosambazwa kwenye simu, kwamba kila uvimbe hutokana na asidi, kwa hiyo ampe mtoto magadi yaliyokorogwa kwa maji ya ndimu kila asubuhi, au amnunulie yale maji ya chupa yauzwayo kwa bei kubwa kwa jina la maji ya alkali. Mama anatii, maana ni nani asiyetaka mwanawe apone bila ya sindano? Wiki mbili zinapita.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wiki mbili hizo. Ndani ya habari ile ya simu mna chembe ya kweli, na kwa sababu ya chembe hiyo uongo uliobakia unapata wa kuuamini. Ni kweli kwamba ndani ya uvimbe wa saratani mna uchachu, na uchachu huo hudhoofisha askari wa mwili. Si kweli kwamba magadi au maji ya chupa yatauondoa.

Ugonjwa wenye historia kwetu

Uvimbe tulioueleza unafanana sana na ugonjwa uitwao limfoma ya Burkitt, ambao ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi watoto wa Afrika Mashariki. Jina lake linatokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya zake, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye akaona watoto wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika juu yao. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamepata kuuona uvimbe huo. Walipozichora habari zao kwenye ramani, waligundua kwamba ugonjwa unafuata nyanda za chini zenye joto na mvua, na kuyaacha maeneo ya milima yenye baridi. Ramani hiyo ililingana na ramani ya malaria.

Mwaka 1964 wanasayansi Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakichunguza huko London vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda, walikuta ndani yake kirusi ambacho leo huitwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hiki huambukizwa kwa mate, na karibu kila mwanadamu duniani hukipata wakati fulani wa maisha yake. Katika maeneo ya ziwani watoto wengi hukipata wakiwa wadogo mno, kabla hata ya kuachishwa ziwa. Mama asijilaumu kwa hilo. Kirusi peke yake hakileti saratani, na watu wengi mno hukaa nacho hadi uzeeni bila ya kujua.

Inayofungua mlango ni malaria ya mara kwa mara. Kila mtoto anapougua malaria, mwili huzizalisha kwa wingi seli B, zile zinazotengeneza silaha za kinga. Katika kugawanyika huko kwa haraka makosa hutokea, na kosa moja mahususi huiamsha jeni iitwayo MYC, nayo huiamuru seli igawanyike bila ya kusimama. Wakati huohuo, walinzi waliopaswa kuiona seli hiyo mbovu na kuiua wamedhoofika. Mwaka 2007 watafiti waliwalinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria haikomi, na watoto wa nyanda za juu za Nandi, ambako ni chache. Waliona kwamba watoto wa Kisumu wenye umri wa miaka mitano hadi tisa walikuwa na upungufu wa nguvu za seli T dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr. Huo ndio umri ambao limfoma ya Burkitt huonekana zaidi.

Uchachu unatoka wapi?

Kila seli ya mwili inahitaji nishati, na nishati hiyo hutoka kwenye sukari. Seli yenye afya na yenye hewa ya kutosha huichoma sukari taratibu hadi mwisho, wala haibakishi taka nyingi. Seli ya saratani ina pupa. Huimeza sukari kwa wingi, huivunja nusu tu, kisha huitupa nje taka iitwayo asidi ya laktiki. Ni asidi hiyohiyo inayoyafanya maziwa yawe mtindi, na ndiyo sababu jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya maziwa. Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, aliligundua jambo hili katika miaka ya 1920, karibu karne moja iliyopita.

Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote zinazomsibu mwanadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Ile jeni ya MYC iliyoamshwa ndiyo inayoamuru pia kutengenezwa kwa wingi kwa kimeng'enya cha LDH, kinachozalisha asidi ya laktiki. Kwa sababu hiyo daktari anapomshuku mtoto kuwa na ugonjwa huu, huagiza damu ipimwe kiwango cha LDH, kwa kuwa wingi wake huonyesha ukubwa wa mzigo wa ugonjwa.

Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH. Namba saba ni kati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Damu ya mtu mzima wa afya huwa kati ya 7.35 na 7.45. Ndani ya uvimbe wa saratani nyingi, katika maji yanayozizunguka seli, kipimo hushuka hadi 6.9, na pengine hadi 6.5. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kipimo hiki huhesabiwa kwa makumi: kushuka kwa namba moja ni kuongezeka kwa uchachu mara kumi. Kutoka 7.4 hadi 6.7, uchachu umezidi mara tano.

Askari wakiingia kwenye uchachu

Allah Subhanahu wa Ta'ala ameuwekea mwili wa mwanadamu walinzi wa namna nyingi. Wapo askari wa seli T, ambao huitambua seli iliyoharibika na kuiua. Zipo seli ziuazo kwa asili, zinazopiga doria bila ya kusubiri kufundishwa. Wapo pia wasafishaji, seli kubwa zinazomeza uchafu na vijidudu.

Askari wa seli T anapokwenda vitani naye huihitaji sukari kwa wingi, na naye hutoa asidi ya laktiki ambayo lazima aitoe nje ya mwili wake mdogo. Sasa mkumbuke mtaro wa Nyalenda wakati wa mvua. Mtaro ukiwa mtupu, maji ya uani hutoka. Mtaro ukifurika, maji ya uani hayana pa kwenda, hurudi ndani ya nyumba. Ndivyo inavyokuwa kwa seli T ndani ya uvimbe. Nje kumejaa asidi, kwa hiyo asidi yake yenyewe hushindwa kutoka, ikajikusanya ndani na kuidhoofisha. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walionyesha maabara kwamba seli T za binadamu zikiwekwa katika asidi ya laktiki, kugawanyika kwake na uwezo wake wa kutoa kemikali za vita hupungua sana. Walipoziondoa humo na kuziacha siku moja mahali pasipo na asidi, nguvu zake za kuua zilirudi. Maana yake ni kwamba askari hawa hawakuwa wamekufa, walikuwa wamelemazwa.

Wale wasafishaji hupatwa na jambo baya zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba asidi ya laktiki huwabadilisha tabia, wakaacha kupigana na uvimbe na kuanza kuusaidia, kwa kuuchochea ujengewe mishipa mipya ya damu. Na wapo walinzi wengine wa seli T ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao ili vita visipitilize mpaka. Hao huweza kuitumia asidi ya laktiki kama chakula, basi wakastawi pale wenzao wanapodhoofika. Hivyo uvimbe hujizungushia ngome ambayo mlinzi akiingia huchoka, na mwenye kuwazuia walinzi hunenepa.

Ni vyema tuseme pia kwamba asidi si adui kila mahali. Tumbo la chakula lina asidi kali inayoua vijidudu. Ngozi yetu ina uchachu kidogo unaoilinda. Na maumbile ya mwanamke yana bakteria wema wanaotengeneza asidi hiyohiyo ya laktiki ili kumkinga na maradhi, na ndiyo maana madaktari hukataza kujisafisha kwa ndani kwa sabuni au manukato. Kila kitu Mola amekiweka mahali pake. Ubaya ni uchachu uliotokea pasipo mahali pake.

Kwa nini magadi hayasaidii?

Sasa turudi kwa mama yetu na kikombe chake cha magadi.

Damu ina njia zake za kulinda kipimo chake. Mapafu hutoa hewa chafu yenye asidi kila tunapopumua, na figo huchuja asidi iliyozidi ikatoka kwa mkojo. Ukinywa maji ya alkali, kwanza yanakutana na asidi ya tumbo na kupoteza nguvu yake. Kinachobaki figo hukitoa. Mkojo utabadilika kipimo, na wauzaji huutumia mkojo huo kama ushahidi kwamba dawa yao inafanya kazi. Lakini mkojo ni taka tu. Ndani ya uvimbe, ambako mishipa ya damu ni mibovu na sukari inavunjwa usiku na mchana, uchachu unabaki vilevile.

Ni kweli watafiti wa Marekani waliwapa panya wenye saratani maji yenye bikaboneti, ambayo ni ya ukoo mmoja na magadi, na wakaona kinga ya panya hao inaimarika wanapopewa pamoja na dawa za kisasa za kuamsha kinga. Lakini dozi waliyopewa panya ilikuwa kubwa mno, na walipojaribu kuwapa wagonjwa wa kibinadamu, walishindwa kuendelea kuinywa kwa ubaya wa ladha na kwa kuchafukwa na tumbo. Kwa hiyo njia hiyo haijawa tiba ya mtu yeyote, sembuse mtoto.

Mtoto akilazimishwa kunywa magadi mengi huweza kudhurika. Chumvi huzidi mwilini, madini ya potasiamu hushuka, akatapika, misuli ikakaza, na wengine hupata degedege. Magadi yetu ya kulainishia kunde na maharage yabaki jikoni, kwa kiasi chake.

Hasara kubwa kuliko hiyo ni muda. Uvimbe unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili haungoji majaribio ya wiki mbili.

Uchachu mwingine ambao mama aujue

Kanda ya ziwa na pwani yetu zinashirikiana katika jambo jingine la uchachu. Mtoto mwenye malaria kali huweza kujaa asidi ya laktiki katika damu yote, kwa sababu vijidudu vya malaria huziba mishipa midogo na kuzinyima seli hewa. Mwili hujaribu kuitoa asidi hiyo kwa njia ya mapafu, kwa hiyo mtoto huanza kupumua kwa kina na kwa nguvu, kifua kikiingia ndani, hata kama hana kikohozi. Mwaka 1995 watafiti wa Kilifi, baada ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa kwa malaria, walionyesha kwamba dalili mbili zinazotangulia vifo vingi ni kupumua kwa taabu na kupungukiwa na fahamu. Mama anayeyaona hayo kwa mtoto mwenye homa asingoje kupambazuke. Aende hospitali usiku huohuo.

Kuizuia malaria ni kuizuia pia njia ya limfoma ya Burkitt. Chandarua chenye dawa kitumike kila usiku, si wakati wa mvua tu. Maji yaliyosimama karibu na nyumba yamwagwe au mtaro ufunguliwe. Na chanjo ya malaria, ambayo majaribio yake yalifanyika katika nchi kadhaa ikiwemo Kenya, huko Kombewa, Siaya na Kilifi, ilianza kutolewa katika kaunti za kanda ya ziwa mwezi Septemba 2019. Wazazi walioko huko wahakikishe watoto wamekamilisha dozi zote, kwa kuwa kinga ya dozi moja haitoshi.

Dalili na hatua za kuchukua

Mpeleke mtoto hospitali ndani ya siku chache, wala usingoje wiki, ukiona mojawapo ya haya: uvimbe wa taya au shavu unaokua haraka, meno yanayolegea bila sababu, jicho linalosukumwa nje, tumbo linalovimba ghafla, miguu inayokosa nguvu, au mkojo unaokataa kutoka. Limfoma ya Burkitt huwapata wavulana zaidi ya wasichana, lakini wasichana hawakusalimika.

Usikubali jino ling'olewe na safari ikaishia hapo, ikiwa uvimbe unaendelea kukua. Omba kwa adabu lakini kwa msimamo kwamba kipande cha uvimbe kichukuliwe na kupimwa. Kisumu kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia, na Mombasa kuna Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani.

Tiba ipo. Dawa ya cyclophosphamide, pamoja na nyingine, hutolewa kwa mshipa, na nyingine kwa uti wa mgongo ili kuulinda ubongo. Uvimbe huu unaokua upesi huyeyuka upesi pia, wakati mwingine kwa siku chache, hata mama asiamini macho yake. Kwa sababu huyeyuka kwa wingi na kwa ghafla, mtoto hupewa maji mengi ya mshipa na dawa ya kulinda figo, na lazima abaki chini ya uangalizi. Hapa ndipo wengi hukosea: uvimbe ukitoweka, familia huona mtoto amepona, ikamrudisha nyumbani kabla ya kumaliza duru za dawa. Seli chache zilizobaki hurudi kwa nguvu. Katika nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi hupona ugonjwa huu. Kwetu Afrika hupona karibu nusu au pungufu yao, na miongoni mwa sababu kuu ni kuchelewa kufika na kuacha tiba katikati.

Dua, sababu na sadaka

Mtume wetu, Swalla Allahu alayhi wasallam, alitufundisha kujitibu, na akatuambia kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Alitufundisha pia kumfunga ngamia kwanza, ndipo tumtegemee Mola. Kumsomea mtoto Qur'ani, kumpa asali kidogo au habasoda ya kula, na kumwombea usiku wa manane ni mambo mema, na hakuna daktari mwenye busara atakayeyapinga. Yaende pamoja na dawa ya hospitali, yasikae mahali pake. Na kama unampa mtoto kitu chochote cha mitishamba, mwambie daktari, kwa kuwa vingine hugongana na dawa.

Tusimnyooshee mama kidole. Ugonjwa huu si uchawi wala si adhabu, na mtoto mwenye uvimbe haambukizi wenzake. Achezwe naye, akumbatiwe, ale nao sinia moja.

Mara nyingi kinachomrudisha mama nyumbani kabla ya tiba kwisha ni nauli, na wale watoto wengine waliobaki bila wa kuwapikia. Hapo ndipo jamaa na majirani tuna kazi. Akina mama wa msikiti mmoja wanaweza kugawana zamu: mmoja akapika, mmoja akawachukua watoto madrasa, mmoja akalala wodini usiku mmoja ili mama apate kufumba macho. Wenye uwezo walipe nauli ya kwenda na kurudi kwa kila duru ya dawa. Na kila nyumba ihakikishe watoto wameandikishwa katika bima ya SHA kabla ya ugonjwa kuingia mlangoni.

Mkiipata tena kwenye simu ile habari ya magadi na asidi, msimtukane aliyeituma, huenda naye alitaka kheri. Mwambieni kwa upole kwamba uchachu ni kweli, na askari wa mwili hulemazwa nao kweli, lakini wao hufunguliwa kwa kuuondoa uvimbe wenyewe, na uvimbe huondolewa na tiba ya hospitali iliyoanza mapema na kukamilika.

Allah awape shifa watoto wetu wote walioko wodini, Kisumu na Mombasa na kwingineko, na awape subira mama zao. Amin.